Maji Moto Kabla ya Nguvu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina baba, juma hili tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni pikipiki kuukuu na mipira yake iliyokauka. Twaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwani pikipiki hiyo imetufunza somo ambalo tumelisomesha watu kwa miaka mingi, na sisi wenyewe hatukuwa tumelihifadhi.

Pikipiki yenyewe ni Honda ya aina ya CG125. Watu wa umri wetu wanaijua. Aina hii ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na ilikusudiwa nchi kama zetu, ambako chombo hubebeshwa mizigo kupita kiasi na huonana na fundi mara chache. Ndiyo maana injini yake ilifanywa sahili kutengeneza, na mnyororo wake ukafunikwa usiingiwe na mchanga. Sisi tuliinunua mwaka 1995 ikiwa imekwisha tumika, wakati tulipokuwa tukisomesha madrasa mbili kusini ya kivuko cha Likoni, moja Ng'ombeni na nyingine Tiwi. Asubuhi tulikuwa huku, alasiri kule, kanzu tumeipandisha na kuifunga kiunoni isinaswe na gurudumu. Mama watoto wetu alipakiwa nyuma yake usiku mmoja wa mvua kwenda kujifungua, na alfajiri ya usiku huo akazaliwa kijana wetu wa pili, ambaye mazungumzo haya yanamhusu zaidi kuliko yanavyoihusu pikipiki.

Mwaka 2011 tulijaaliwa usafiri mwingine, pikipiki ikaegeshwa nyuma ya nyumba chini ya banda la makuti. Ikakaa hapo, kuku wakatagia mayai juu ya kiti chake. Mwaka huu tumeombwa kusomesha kila Jumamosi katika kijiji cha bara ambako matatu hazifiki, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni kubwa kuliko uwezo wa madrasa ile changa. Tukaikumbuka pikipiki yetu. Tukamwita fundi, akasafisha tangi na kabureta, akabadilisha oili na plagi, akapiga kiki mara nyingi hadi jasho likamtiririka, nayo ikawaka. Lakini haikutulia. Mngurumo ulipanda na kushuka wenyewe bila kuguswa, na tulipoichomoa plagi baada ya mwendo mfupi tuliikuta nyeupe, dalili kwamba hewa inaingia kwa wingi kuliko petroli. Fundi akagusagusa kila mahali palipo na mpira, akatikisa kichwa. "Sheikh," akasema, "chuma ni kizima. Kilichokufa ni mipira."

Hapa twaomba ruhusa tueleze kidogo, kwani kila nyumba ina mpira ndani yake, na ni vyema kujua kwa nini mpira hukauka.

Mpira si kitu kigeni katika pwani hii. Mwishoni mwa karne ya 19 wakusanyaji waliingia misituni kugema utomvu wa mimea itambaayo, ya jamii moja na mbungo huu ambao maji yake twafuturia mwezi wa Ramadhani, na utomvu ule ukasafirishwa ng'ambo. Mpira mbichi una kasoro yake: ukipata joto hunata, ukipata baridi kali hukatika. Mwaka 1839 huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukatiwa joto, hupata nguvu, na ukivutwa hurejea umbo lake. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1844. Salfa huzifunga nyuzi za ndani ya mpira moja kwa nyingine, kama mshonaji wa mkeka anavyounga ukili kwa ukili. Kabla ya kuungwa, ukili ni ukanda tu. Baada ya kuungwa, ni kitu cha kukaliwa.

Lakini kazi ya kufungana haikomi kiwandani. Joto la injini, jua, na hata hewa yenyewe huendelea kuzifunga nyuzi zile mwaka baada ya mwaka, na vilainisho vilivyotiwa ndani ya mpira hutoka kidogo kidogo. Mwisho wake nyuzi hushikana kupita kiasi, zikakosa nafasi ya kusogea. Mpira wa namna hii haukuoza. Umeshikana mno. Kile kile kilichoupa nguvu mwanzoni ndicho kilichoufanya mgumu mwishoni. Tuliposikia maelezo haya, hatukuyafikiria zaidi ya pikipiki. Tungeyafikiria, tungejiokoa na mengi.

Fundi alitutajia mipira mitatu. Wa kwanza ni pete ndogo iliyokaa baina ya kabureta na kichwa cha injini. Ilikuwa imebanwa hata ikawa bapa, na hewa isiyopimwa ikawa inapenya kandokando yake. Wa pili ni ule tuliouita shingo, yaani kipande kinachounganisha sanduku la chujio la hewa na kabureta. Shingo ikiwa imejipinda na haikukaa sawa, hewa huingia bila kupita katika chujio, na mchanga wetu wa pwani huingia pamoja nayo ukaisaga pistoni na silinda kimya kimya. Wa tatu ni paipu ya petroli itokayo kwenye tangi. Pete na paipu hupatikana kwa bei ndogo. Shingo ndiyo iliyotuhangaisha. Tulivuka kivuko mara mbili kwenda kwenye maduka ya spea mjini. Mara ya kwanza tukarudi na ya pikipiki nyingine, mara ya pili tukarudi na iliyokuwa pana kwa unene wa kidole. Ikabidi ile ya zamani irudishwe mahali pake. Fundi alitaka kuikata ili iingie kwa urahisi. Tukamshukuru, tukamlipa haki yake, tukasema tutaifunga wenyewe.

Wasomaji wetu huenda wakauliza: mbona hamkumwita kijana wenu? Kwani mtaa mzima unajua kwamba kijana wetu wa pili ni fundi wa pikipiki, na ana karakana ya jua kali isiyo mbali na nyumbani.

Jibu lake ni zito, nasi twalitoa kwa sababu tumeona kuna manufaa katika kulitoa. Kijana huyu alipomaliza kidato cha nne tulimtafutia nafasi katika chuo cha dini, kwa kuwa ana sauti nzuri ya kisomo na kumbukumbu nyepesi. Alikaa mwaka mmoja, akarudi. Akatuambia kwa adabu kwamba dini yake ataishika na kisomo chake hatakiacha, lakini riziki yake anaiona katika ufundi. Sisi tulikuwa na wageni barazani siku ile, na tuliona haya mbele yao. Tukamwambia, wageni wakisikia, kwamba mkono wenye grisi haufai kushika msahafu.

Maneno hayo ni ya dhuluma, na ni ya uongo pia. Tumesomesha Suratu Saba mara ngapi, ambamo twaambiwa kwamba Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma, akawa mwenye kufua nguo za vita kwa mkono wake? Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Tuliyajua yote hayo, na ulimi ukatutangulia. Kijana hakujibu. Aliingia ndani, na tangu siku ile, kwa muda wa miaka miwili na miezi, mazungumzo yetu yalikuwa salamu na jibu lake. Hakutukosea adabu hata siku moja. Fedha za nyumbani alimpa mama yake. Swala ya Ijumaa aliswali msikiti mwingine. Nasi tulijiambia kwamba mzazi hamtangulii mtoto, yeye ndiye atakayekuja. Tulikiita kiburi hicho msimamo.

Basi Jumapili moja, baada ya kunywa chai, tukatandika gunia chini ya banda la makuti tukaanza kazi. Tulifungua vibano, tukaipachika shingo upande wa sanduku la hewa, kisha tukajaribu kuiingiza kabureta upande wa pili. Shingo ilikuwa ngumu kama kifuu. Umbo lake lilikuwa limetoka kwenye duara likawa kama yai, kwa kukaa miaka mingi ikiegemea upande mmoja. Ukiisukuma juu, chini huchomoka. Ukiishika chini, juu hujikunja. Tukaipaka sabuni, ikateleza bila kuingia. Tukajaribu kwa goti. Mwisho tukachukua bisibisi, tukaichokonoa midomo yake ili ipande juu ya kabureta, na hapo tukasikia mlio mdogo, kama wa kucha ikikatika. Mdomo wa mpira ulikuwa umechanika, kiasi cha upana wa ukucha.

Tulikasirika. Tulikasirikia mpira, tukakasirikia kiwanda, tukamkasirikia fundi, na twamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa tuliyoyasema.

Mama watoto alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na mlango wa uani, anakuna nazi. Alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Baba yao, marehemu mama yangu alishona mikeka maisha yake yote. Umewahi kumwona akisuka ukindu mkavu?"

Tukamwambia hatukuwahi.

"Ukindu mkavu hukatika mkononi. Huloweshwa kwanza. Kitu hicho hakitaki nguvu, chataka maji."

Akainuka, akateleka sufuria ya maji jikoni. Na alipopita mlango wa chumba cha nje, ambamo kijana wetu alikuwa amelala siku yake ya mapumziko, tulimsikia akigonga na kusema kitu kwa sauti ya chini. Hatukujua alisema nini, na hadi leo hatujamuuliza.

Kijana alitoka akiwa amevaa kikoi na fulana. Akatoa salamu, tukaitikia. Akasimama hatua mbili tatu kutoka kwenye gunia, akaitazama pikipiki, akaitazama bisibisi mkononi mwetu. "Baba," akasema, "naweza kuona?"

Tulimpa ile shingo. Aliizungusha, akaufikia mpasuko, akaupitisha kidole bila kusema lolote juu yake. Tulilitambua hilo. Fundi mwingine angetucheka, na mtoto mwingine aliyesubiri miaka miwili angesema neno. Yeye alisema tu kwamba mpasuko uko nje ya mstari wa kuziba, kwa hivyo hautavuja, na mpira utafaa.

Maji yalipochemka, mama yake aliyaleta katika karai. Kijana aliyaacha yatulie kidogo, akaitumbukiza shingo. Akachuchumaa kuingoja. Tulitaka kuitoa baada ya dakika moja, akatuambia bado. Akaeleza kwamba joto likigusa nje tu, ndani husalia pagumu, na ukikunja wakati huo huvunjika. Lazima joto lifike katikati. Tukakaa kando ya karai lile, baba na mwana, muda wa kiasi cha dakika kumi. Hakuna aliyesema neno, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni ukimya wetu haukuwa na uzito.

Alipoitoa, ilikunjika mkononi mwake kama sikio. Akaikausha kwa kitambaa, akapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye midomo yake, akaikalisha kwanza kwenye sanduku la hewa, akapitisha kidole duara zima kuhakikisha kwamba mdomo umeingia katika mfereji wake. Kisha akairudisha nyuma shingo laini, akaingiza kabureta pamoja na pete mpya, akaiachilia shingo ikaja yenyewe juu ya mdomo wa kabureta. Upande mmoja ulikataa. Sisi, kwa mazoea, tulinyoosha mkono kuchukua kibano tukaze. Akatuzuia kwa upole.

"Kibano hakikalishi mpira, Baba. Mpira hukaa kwanza, kibano hushikilia tu. Ukikaza usipokaa, hukata."

Akachukua kitambaa, akakichovya katika maji yale moto, akakizungushia upande uliokataa, akangoja, akasukuma kwa vidole gumba viwili. Ukaingia. Hapo ndipo alipokaza kibano, si kwa nguvu nyingi.

Tulimuuliza kuhusu mafuta, kwani tulikuwa tumefikiria kupaka mafuta ya nazi. Akasema mipira mingi haipatani na mafuta, ya petroli wala ya kupikia. Huvimba ikawa kama imelainika, kumbe inadhoofika. Wako mafundi wanaotumia mafuta ya wintergreen yaliyochanganywa na kiyeyusho, ndiyo yale yanayotoa harufu ya dawa za kuchua maungo, na kweli hulainisha mpira mgumu kwa siku kadhaa. Lakini mafuta hayo ni sumu kali; kijiko kimoja kidogo kikinywewa na mtoto chaweza kumuua, na harufu yake tamu humvutia. Kwa sababu hiyo kijana hayaleti katika nyumba yenye wajukuu. Nasi twawausia kina mama: ikiwa mna chupa ya dawa ya kuchua yenye harufu hiyo, iwekwe juu, mbali na mikono midogo.

Kisha akaifikia paipu ya petroli. Ilikuwa ngumu vilevile, na tulipomwona ameishika tulisogeza karai. Tulidhani sasa tumejua dawa. Akaikunja paipu mbele ya macho yetu, na nyufa ndogo zikafunguka katika mgongo wake kama mistari ya kiganja.

"Huu hauchemshwi," akasema. "Huu ukilainika leo, kesho utavuja juu ya injini ya moto. Huu hukatwa ukatupwa."

Akaukata, akaukata tena vipande viwili asije mtu akauokota kuutumia, akavalisha mpya.

Wasomaji wetu, maneno hayo yalitupiga mahali ambapo yeye hakupajua. Kwa miaka mingi watu wametuletea migogoro ya ndoa zao, nasi tumewasuluhisha kadiri ya uwezo wetu. Na neno letu kwa mwanamke mwenye kulalamika limekuwa karibu daima moja: subiri, mama, lainisha moyo wako, naye atalainika. Neno hilo ni la haki mahali pake. Nyumba nyingi zimepona kwa subira na kauli njema. Lakini tulimkumbuka mama mmoja, ambaye hatumtaji wala mtaa wake, aliyetujia mara tatu. Mara ya tatu alikuja na jicho lililovimba, naye akasema ameanguka ngazini, huku kijana wake mdogo akitazama chini. Tulijua. Tukamwambia subiri. Tulikuwa tunachemsha paipu ya petroli.

Tulimaliza kazi ile pamoja. Kabla hajainuka tulimshika mkono kijana wetu, mkono uliokuwa na grisi hadi kwenye kifundo, tukamwambia: "Neno tulilolisema mbele ya wageni halikuwa kweli, na tulijua si kweli. Utusamehe." Yeye akatazama chini, akasema, "Baba, yamepita." Tukamwambia hayajapita, kwani tulilisema mbele ya watu. Na Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tuliwaalika barazani wale wageni wawili walio hai na walio karibu, tukalirudia neno letu mbele yao na kulikanusha, kijana wetu akiwa ameketi ubavuni. Mmoja wao alicheka akasema hakumbuki kabisa. Huenda ni kweli. Aliyetupiga na kusahau ni mwingine, na aliyepigwa ni mwingine.

Hatutaki msomaji afikiri kwamba mambo yote yalinyooka siku moja. Kijana wetu bado si msemaji mwingi nyumbani. Shingo ya mpira bado ina mpasuko wake. Tunauona kila tunapoinama kufungua mfereji wa petroli, na hatutaki kuusahau, kwani ni kazi ya bisibisi yetu.

Ama yule mama, tulikwenda kwake na mama watoto, mchana, tukamwomba radhi kwa ushauri wetu. Tukamweleza kwamba subira ya dini si kuvumilia kupigwa. Tukampeleka hospitali ajue hali ya jicho lake na apate karatasi ya daktari, kisha tukamwelekeza kwa Kadhi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kusikilizwa humo, na mlango wa faskhi umo katika fiqhi yetu tangu zama za wanazuoni wa kale, haukuletwa na wazungu. Tena ipo Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo inampa anayedhulumiwa haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumkinga. Shauri lake linaendelea. Twamwombea, nanyi mumwombee.

Turudi kwenye mambo ya jikoni, msije mkasema sheikh amezungumza ya pikipiki tu. Mpira wa gesi ni ndugu wa paipu ya petroli. Ukiukunja ukaona nyufa, au ukiuona umekuwa mgumu, usiupashe moto, usiufunge kwa utepe, usiukate ncha ukarudisha, nunua mpya. Kutaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungo yake uangalie mapovu, wala usijaribu kwa kiberiti. Pete ya mpira ya sufuria ya presha nayo, ikikauka, hubadilishwa. Lakini mpira wa miguu ya meza, wa kifuniko cha mtungi, na wa bomba la kumwagilia bustani, huo utie maji moto kwanza kabla hujautupa. Pengine una miaka mingine ndani yake.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mkaidi, akawa anamvuta huku na huku, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwenye upole. Tumelisimulia tukio hili minbarini zaidi ya mara moja, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kilichotupita ni kwamba aliyeambiwa vile alikuwa juu ya chombo cha safari, katika jambo dogo la njiani, hakuna mgogoro wala hukumu. Upole hufunzwa hapo, katika vitu vidogo vinavyokataa kuingia. Atakayeshindwa na mpira atashindwa na mtoto. Na katika Suratul Hadid wametajwa watu waliopitiwa na muda mrefu hata nyoyo zao zikawa ngumu. Muda peke yake unatosha kuugumisha moyo, kama ulivyotosha kuigumisha shingo ya pikipiki chini ya banda, ingawa hakuna aliyeigusa.

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na mwenye watoto wadogo alishike neno hilo. Lakini wengi wetu tumefika umri ambao samaki amekwisha kauka, tena sisi wenyewe ndio tuliomwanika juani. Kwa wenzetu hao twasema: telekeni maji. Msikunje kabla joto halijafika ndani, na msikimbilie kibano. Na mkiona nyufa zinazovuja, msijidanganye kwa jina la subira. Tafuteni fundi, Kadhi, au jamaa mwenye hekima, mapema kabla ya moto.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kijijini kwa pikipiki, na kijana wetu alikuja nasi akikaa nyuma, kwa sababu alitaka kuisikia injini ikipanda mlima. Tulipofika, watoto wa madrasa walimzunguka wakataka kuonyeshwa kabureta iko wapi. Tukamwachia nusu saa ya darasa. Akaanza kwa kusoma, na sauti yake bado ni ile.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atulainishie nyoyo zetu kabla hazijachanika, awape wazazi wetu rehema, awape watoto wetu subira juu yetu, na amfanyie kila aliyedhulumiwa nyumbani mwake njia ya kutokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.